Swichi Niliyoileta kutoka Jinja

Wajukuu wangu husema babu yao alikatwa vidole na askari. Wamelisema shuleni, wamelisema msibani, na yule mkubwa aliliandika mpaka kwenye karatasi ya mtihani, mwalimu akampa alama nzuri. Mimi sikuwahi kuwasahihisha. Watu wa umri wangu hapa Mbale wana habari nyingi za askari, na nyingi ni za kweli, kwa hiyo moja zaidi haikumsumbua mtu. Lakini hii si kweli. Babu yao alikatwa na msumeno wake mwenyewe, mchana, ndani ya karakana yake mwenyewe, na swichi iliyouwasha msumeno huo niliichagua mimi. Nimeona niliandike kabla sijaondoka. Shule niliiacha darasa la tatu, basi atakayecheka mwandiko na acheke, mradi asome.

Mume wangu alikuwa seremala. Karakana yetu ilikuwa Namatala, mabati juu, kuta za mabanzi pande tatu, na upande wa mlango ukuta mmoja wa matofali. Ndani palikuwa na msumeno wa mota: benchi la chuma, katikati yake duara la meno. Aliupata kwa Mhindi aliyemfundisha kazi, mwaka ule Wahindi walipofukuzwa. Mhindi alikuwa anafunga masanduku, akamwambia, "Chukua kabla hawajaja kuchukua wao." Mume wangu alimpa alichokuwa nacho, wakalia wote wawili, akauleta kwa mkokoteni.

Kazi haikukosekana. Miaka ile milango ilivunjwa sana. Mtu akivunjiwa mlango leo, kesho anakuja na kamba ya kupimia, hasemi nani amevunja, na sisi hatuulizi. Tunapima, tunakata, anaondoka. Kwa milango hiyo tulikula na kusomesha.

Ukutani karibu na benchi kulikuwa na kijisanduku chenye vitufe viwili, cha kijani cha kuwasha na chekundu cha kuzima. Mafundi walikiita stata. Mimi sikukijali zaidi ya kukifuta vumbi. Umeme ulikuwa unakatika kila mara, na ukikatika ubao unabaki umekwama kwenye meno. Hapo mume wangu alikuwa na mazoea yake. Meno yakisimama tu, anaingiza mkono chini ya benchi, anatoa vumbi la mbao lililojaa, halafu anauchomoa ubao taratibu. Alisema hizo ni dakika za bure, Mungu amempa za kufanyia usafi. Miaka yote alifanya hivyo na hakuna kilichomgusa, maana umeme ukirudi msumeno ulikaa kimya mpaka abonyeze kijani. Hatukujua kwamba ni kile kijisanduku kilichokuwa kinamlinda. Tulidhani mashine zote ndivyo zilivyoumbwa.

Siku moja umeme ukaja mdogo sana, taa nyekundu kama kaa la moto. Stata ikanguruma, ikatoa moshi, ikafa. Fundi wa umeme alikuja kutoka Malukhu, akaifungua, akanusa, akatikisa kichwa.

"Imeungua ndani," alisema. "Tafuteni nyingine."

"Wapi?" mume wangu akamuuliza. "Duka la vifaa vya umeme sasa linauza nini? Rafu."

"Hata rafu wameshauza," fundi akasema. "Nendeni Jinja. Nalufenya kuna mzee alikuwa mtunza stoo kiwandani. Kiwanda kimekufa, lakini stoo haikufa yote."

Nilikwenda mimi. Mwanaume mwenye nguvu zake hakusafiri ovyo miaka ile. Kati ya Tororo na Jinja vizuizi vya askari vilikuwa vingi, na mwanaume aliyekutwa na vifaa vya umeme aliulizwa kavipata wapi, na jibu lolote lilikuwa baya. Mwanamke mwenye kikapu, mtandio kichwani, macho chini, alipita. Si mara zote, lakini alipita.

Mume wangu alinifungia kwenye gazeti kifuniko cha ile stata iliyoungua. "Mama watoto, mwonyeshe hiki. Leta inayofanana nayo. Ukiona ni taabu, rudi bure."

"Nikirudi bure tutakula vumbi la mbao?"

"Basi usirudi bure," akasema, akacheka. "Lakini rudi."

Huyo mzee wa Nalufenya nilimkuta uani kwake anamwagia kuku mahindi. Alinitazama kuanzia viatu, akaniita nyabo, yaani bibi, kama watu wa kule wasemavyo.

"Karibu, nyabo. Umekuja kununua au kunikamata?"

"Nina sura ya kukamata watu mimi?"

"Siku hizi sura hazisemi kweli." Lakini alinipa kigoda.

Nikafungua gazeti. Alikishika kifuniko kama mtu anayepokea barua kutoka kwao, akaingia ndani, nikamsikia anavuta vitu chini ya kitanda. Akarudi na vitu viwili, akaviweka juu ya gunia mbele yangu.

Kimoja kilikuwa kijisanduku cha kijivu, kifuniko kina ufa, vitufe viwili. Alikifungua anionyeshe: ndani kuna waya mwembamba wa shaba umezungushwa kama uzi wa kushonea.

"Hii ni pacha wa ile yenu," alisema. "Umeme ukienda, inaachia. Ukirudi, inakaa."

"Inakaa vipi?"

"Inakaa tu. Inangoja mtu aje aibonyeze."

"Yaani umeme umerudi, na yenyewe imekaa?"

"Imekaa."

"Mzee, nyumbani ninao watu wa kukaa hivyo," nikamwambia. "Sina haja ya kununua mwingine."

Alicheka mpaka akakohoa. "Nyabo, wewe una mdomo. Lakini sikiliza. Huyu wa kukaa ndiye mzuri. Mwambie fundi wako nimesema hivyo, yeye ataelewa."

"Na hiyo nyingine?"

"Hii ya mpini. Ukiupandisha, umepanda. Umeme uende, urudi, yenyewe iko pale pale. Hii ni ya taa za ukumbi, au ya pampu ya maji. Kwa msumeno mimi singeweka."

"Mbona unaiuza?"

"Nauza kwa sababu nakula."

Nikainua moja, nikainua nyingine. Mimi nimekulia sokoni. Mama yangu alinifundisha kununua kwa mkono: sufuria unaigonga kwa kucha, jembe unalipima uzito, jembe jepesi hupinda shambani. Kile kijisanduku kilikuwa chepesi, plastiki, kina ufa. Ile ya mpini ilikuwa chuma kitupu, shaba yake nene kama kidole changu. Na bei ya kijisanduku ilikuwa karibu mara mbili ya ile nyingine. Nikajiambia huyu mzee ni mfanyabiashara, anasifia cha bei kubwa. Nani hajawahi kumwona mwuza nguo anayesifia kitenge cha bei kubwa?

Ningependa kusema niliogopa askari. Kweli niliogopa. Kijisanduku chenye waya ndani kingeweza kuitwa redio, na mtu aliyekutwa na kitu cha kuitwa redio alikuwa mpelelezi tayari. Chuma ni chuma. Nimejitetea kwa neno hilo miaka mingi, kichwani mwangu, nikiwa peke yangu. Lakini sicho kilichonifanya nichague. Nilichagua kwa sababu ilikuwa nzito na ya bei ndogo, na kwa sababu nilikuwa na hakika kwamba mimi haniibii mtu.

Kwa pesa iliyobaki nilinunua miche mitatu ya sabuni kwa mwanamke aliyeiuza kwa kificho, chini ya majani ya ndizi. Sabuni ilikuwa imepotea Mbale muda mrefu, tulikuwa tunafulia majivu. Nilifurahi na ile sabuni kuliko hata swichi.

Wakati wa kurudi, kwenye kizuizi cha karibu na Iganga, askari alituteremsha wote kwenye gari. Akachokoa kikapu changu kwa bunduki. Juu nilikuwa nimeweka samaki wakavu.

"Mama, hii nini chini?"

"Chuma cha mashine ya mbao, afande."

Akaitoa, akaipima mkononi. "Nzito! Mama iko na nguvu." Akairudisha, akachukua samaki wawili, akanipungia nipite. Moyoni nikasema, unaona? Ningekuwa na kile kijisanduku ningekuwa wapi sasa? Nilifika nyumbani nikijisifu.

Mume wangu aliiweka mezani, akaizungusha. Akaitazama kwa muda.

"Hii si kama ile."

"Ni ngumu kuliko ile."

"Ilikuwepo hii tu?"

"Hii tu," nikasema.

Neno lenyewe ni hilo, maneno mawili. Sikumpa salamu za mzee wala onyo lake. Nilikuwa nimechoka, miguu imevimba, na sikutaka kuambiwa nirudi Jinja kubadilisha kitu ambacho nilikuwa nimeshaona ni kizuri. Nikatoa sabuni. Watoto wakainusa kama maua. Yeye mwenyewe akasema, "Mama watoto, wewe ungekuwa mwanaume ungekuwa tajiri."

Fundi wa umeme angeliona kosa mara moja, lakini tulipomwita tukaambiwa amevuka mpaka wa Malaba kwenda Kenya na mkewe na godoro lao, hakuaga mtu. Mume wangu akaifunga mwenyewe. Kwa uzito wake haikuweza kukaa kwenye mabanzi, ingeng'oka, kwa hiyo akaiweka kwenye ule ukuta wa matofali, mlangoni, hatua kumi kutoka benchi.

Ilifanya kazi vizuri. Kwa siku nne.

Siku ya tano umeme ulikatika asubuhi. Tukatoka nje kunywa chai. Tulikuwa tumekaa, vikombe mikononi, mara msumeno ukalia ndani ya karakana ambamo hamna mtu. Ulilia kama mtu anayechinjwa. Tukakimbia. Meno yalikuwa yanazunguka peke yake, ubao aliouacha umerushwa mpaka umetoboa banzi la ukuta wa nyuma.

Mume wangu alishusha mpini. Akasimama pale na mkono wake juu ya mpini, amekunja uso.

"Hii haikujua kwamba umeme umekwenda," alisema. "Ile ya zamani ilikuwa inajua. Kumbe ile ilikuwa inajua, mama watoto. Na mimi nilikuwa naingiza mkono."

Hapo ndipo nilipoelewa maneno ya yule mzee, yote kwa pamoja. Na hapo ndipo ningesema. Mdomo ulikuwa wangu, njia ya Jinja nilikuwa naijua, sabuni mche mmoja tu ndio ulikuwa umeanzwa. Ningesema: kuna nyingine, nilikudanganya, nipe siku mbili niibadilishe. Ningetukanwa kidogo, yakaisha. Sikusema. Nilisema, "Nitaishusha mimi. Umeme ukikatika tu, mimi naishusha."

Akafikiri. "Kwa kweli mimi nikiwa nimeshika ubao siwezi kukimbilia mlangoni."

"Nitakaa hapa mlangoni na kazi yangu ya msasa. Wewe endelea na kazi yako."

"Basi usisinzie," akasema.

"Nimesinzia lini mimi?"

Tukaishi hivyo. Nilikaa kwenye kigoda chini ya ile swichi kutoka asubuhi mpaka jioni, napiga msasa miguu ya meza, sikio langu kwenye msumeno. Ukinyamaza kabla hajaniambia "zima", naruka na kuvuta mpini chini, halafu napaza sauti, "Imeshuka!" Ndipo anaingiza mkono. Nikitaka kwenda chooni, tunazima kabisa. Nikitaka kusali, tunazima. Wanawake wa Namatala walipita wakanicheka. "Askari wa swichi, leo umelinda nini?" Nikawajibu, "Nalinda mume. Wenu wanalindwa na nani?" Wakaenda zao, maana wengine wao waume walikuwa hawajulikani walipo. Nilijuta kulisema.

Watu walinisifu kwa uvumilivu. Yeye aliwaambia wateja, "Huyu hapa ndiye amenifungulia karakana mara ya pili." Kila akilisema nilizidi kukaza mdomo. Jambo usilolisema siku ya kwanza, siku ya kumi linakuwa na mizizi.

Askari aliyekuja siku ya ajali alikuwa mteja. Alikuwa ameagiza mlango wa nyumba ya mwanamke wake. Alikuja mchana, baada ya adhuhuri, na gari la jeshi, akasimama uani, hakuingia.

"Mama! Kuja hapa!"

Mume wangu alikuwa katikati ya ubao wa mvule. Msumeno unalia, hakusikia. Nikatoka. Askari hakuita mara mbili, na hakungojeshwa. Mlango wake ulikuwa umeegemezwa nje, tayari. Alikuwa kijana mzuri wa sura, anacheka.

"Mama, rangi hii mbona nyeusi? Mimi nilisema kama chai."

"Ni kama chai, afande. Chai ya rangi."

"Mimi nakunywa na maziwa!" Akauchekea utani wake mwenyewe.

Msumeno ukanyamaza.

Niliusikia ukishuka, ule mlio unaokwisha polepole kama mtu anayemaliza pumzi. Hatua saba au nane zilikuwa kati yangu na mpini.

"Afande, ngoja kidogo, nina kazi ndani."

"Kazi gani kubwa kuliko mimi?" Bado anacheka. Lakini alikuwa ameninyooshea kidole, na kidole cha askari miaka ile hukukipa mgongo. "Bawaba hii nayo. Sema kwanza. Itapiga kelele?"

"Haitapiga, afande."

Mtaniuliza kwa nini sikupaza sauti. Wanangu wangeuliza hilo, kama wangejua. Nyinyi mliozaliwa baadaye hamwezi kujua. Ukiwa umesimama mbele ya askari, halafu ukampigia kelele mtu aliye ndani ya nyumba, maana yake ilikuwa moja tu: unamwambia mtu akimbie. Watu walipigwa risasi kwa hilo. Si mwenye kupiga kelele tu, na aliyeko ndani pia. Kwa hiyo nilinyamaza, nikiamini kwamba yeye atangoja lile neno langu, "Imeshuka." Nikajiambia anangoja. Hajalisikia, kwa hiyo anangoja.

Lakini mazoea ya miaka mingi hayangoji neno. Na labda alidhani nimekwisha kuishusha, maana ndiyo kazi niliyokuwa nimeiomba, na sikuwahi kukosa.

Kwanza ilirudi redio ya duka la jirani, muziki ukaanza katikati ya wimbo. Halafu msumeno. Halafu mlio wake ukabadilika kidogo, kama unapogusa fundo kwenye ubao, ukaendelea.

Yeye hakulia hata mara moja. Aliyepiga kelele ni mimi.

Na yule askari, niseme haki yake, aliingia mbio kabla yangu, akautafuta mpini kwa macho, akauvuta. Akavua shati lake akaufunga mkono wa mume wangu, akambeba mwenyewe mpaka kwenye gari. Ndivyo watu walivyomwona: seremala, damu mpaka magotini, anapakiwa kwenye gari la jeshi. Ilipofika jioni mtaa mzima ulikuwa unajua askari wamemkata fundi. Mtu hakuniuliza. Waliniletea unga na pole.

Hospitali wauguzi walikuwepo, dawa hazikuwepo. Muuguzi akaniambia, "Mama, kama una sabuni, leta. Hatuna hata ya kunawa." Nikaenda nyumbani nikachukua mche wa tatu, ambao nilikuwa nimeuficha kwa ajili ya sikukuu ya Idi. Kwa sabuni ile walimwosha kidonda majuma mawili. Niliishika kila siku, nikaiona inavyopungua. Vidole vinne vya mkono wa kulia vilikuwa vimekwenda. Kidole gumba kilibaki peke yake.

Alijaribu kazi. Alijaribu kushika patasi kwa mkono wa kushoto, nyundo akaifunga kwa mpira kwenye kile kiganja kilichobaki. Patasi ikamteleza. Alijaribu tena, tena, mbele ya wateja, mpaka wateja wakaanza kupitia njia nyingine wasimwone. Msumeno tukamwuzia mtu aliyeuvusha Kenya. Karakana tukaifanya duka la kuuza mkaa, mimi nikiwa ndiye muuzaji. Yeye alikaa ndani ya lile vumbi jeusi akitazama dari. Mikono yake yote miwili aliiweka mapajani, ule mzima juu ya ule mwingine.

Hakulalamika. Akiulizwa alisema, "Umeme ulinionea." Basi.

Ijumaa nilikuwa namfunga vifungo vya shati kabla ya kwenda msikitini. Kwa mkono wa kushoto peke yake hakuweza, na wale wa kike niliozaa walikuwa wameolewa. Alisimama mlangoni, kidevu juu, mimi mbele yake. Ndizo zilikuwa dakika zetu. Tulikuwa tumezoea, hakuna aibu.

Ijumaa moja, nimefika kifungo cha juu, akasema, "Mama watoto, sijawahi kukushukuru."

"Kwa lipi?"

"Wewe ulikwenda Jinja mwenyewe, njia ile. Mke gani angekwenda? Ukaniletea kilichokuwepo. Kilichotokea si juu yako. Mungu akulipe."

Ningeweza kulipokea. Mpaka leo nafikiri wanawake wengi wangelipokea, na pengine wangekuwa na akili kuliko mimi. Lakini mimi sikulipokea.

"Vilikuwepo viwili," nikasema.

Hakunielewa. "Viwili nini?"

"Swichi. Mzee alinipa mbili nichague."

Kidevu chake kilikuwa bado juu, mikono yangu bado kwenye kola yake.

"Ile nyingine ilikuwaje?" Aliuliza kama fundi anavyouliza.

"Ndogo. Ya kijivu."

"Ina vitufe?"

"Viwili."

"Kijani na chekundu?"

"Ndiyo."

"Nzima?"

"Kifuniko kilikuwa na ufa. Mzee alisema inafanya kazi. Alisema nikuambie ndiyo nzuri, na kwamba wewe utaelewa."

"Alisema uniambie."

"Ndiyo."

"Ilikuwa ghali?"

"Si sana. Pesa uliyonipa ingetosha."

"Kwa pesa iliyobaki ulinunua nini?"

Alikuwa anajua. Alikuwa amekwisha kukumbuka watoto walivyonusa siku ile. Lakini aliningoja niseme.

"Sabuni."

Aliushika mkono wangu kwa mkono wake wa kushoto, akautoa shingoni kwake. Hakunisukuma. Aliutoa kama unavyotoa jani lililokuangukia, akauachia. Kile kifungo cha juu kilikuwa hakijafungwa. Akatoka hivyo, shingo wazi, akaenda kuswali.

Aliporudi alikula. Hakunitukana siku ile wala siku nyingine, hakumwambia ndugu yake, hakuwaambia watoto. Nilingoja anipige, nikaona hapigi. Nilingoja anipe talaka, nikaona haitoi. Alilala palepale alipokuwa akilala.

Ijumaa iliyofuata nilisimama mlangoni kama kawaida. Akanipita akaingia chumbani na shati lake, akafunga mlango. Nilisikia anahema. Alikaa humo muda mrefu, adhana ikapita, na nikajua amechelewa. Alipotoka vifungo vitatu vilikuwa vimefungwa, viwili kwenye matundu yasiyo yake, na kola ilikuwa imelowa mate kwa sababu alikuwa anavuta kwa meno. Nikanyoosha mkono nimrekebishie. Akarudi nyuma hatua moja.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Utawala ule ulianguka, fundi wa umeme alirudi kutoka Kenya na mvi, watu wakaanza tena kujenga. Mume wangu alijifunza. Mwisho alikuwa anafunga shati zima kwa muda wa kuhesabu mpaka ishirini, kwa mkono wa kushoto na kile kidole gumba, na wajukuu walimpenda kwa hilo, walimwita aje awaonyeshe. Mimi nilikuwa nakaa uani nikiwasikia wakihesabu. Hata alipougua, kitandani, hawezi kunywa maji peke yake, nilimpa maji, nilimpa uji, nilimwogesha. Lakini shati alivaa mwenyewe.